Mlevi Amekaliwa Vikao Vingi, Chake Hajakipata

Familia yenye mtu aliyezama katika pombe haikosi vikao. Wazee wa ukoo hukutana wakamkanya. Mjomba hupanda basi kutoka kijijini kuja kumsemesha. Padri huitwa nyumbani, shehe huombwa dua, na mama mtu huchomoa fedha za ada akamlipa mganga aliyebandika kwenye nguzo ya umeme tangazo la dawa ya kuacha pombe. Katika vikao vyote hivyo mlevi hukaa kama mshtakiwa. Wanaosema ni watu ambao hawajawahi kuamka saa kumi na moja alfajiri mikono ikitetemeka, wakihesabu dakika mpaka mama pima, muuza pombe ya kienyeji, afungue mlango. Mlevi hulia, huapa na huahidi, na wakati anaahidi huwa anamaanisha. Wiki mbili hazipiti, yuko palepale.

Kikao ambacho hajawahi kukaa ni kile cha watu waliokunywa kama yeye, wakapoteza kama yeye, na leo hawanywi. Vikao vya namna hiyo vipo katika nchi zetu, ila ni vichache, vimejificha, na anayevihitaji zaidi ndiye anayeachwa avitafute peke yake. Huo ndio upungufu mkubwa kuliko wote katika namna tunavyoshughulika na ulevi. Tumekuwa na sheria, misako na mahubiri ya kutosha. Kenya ilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010, iliyohalalisha chang'aa kwa masharti na kubana saa za baa. Tanzania ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya pakiti, kuanzia Machi 1, 2017. Hatua hizo zina faida yake, lakini zote zinashughulika na chupa. Mtu anayeishika chupa anabaki na swali lake: nikitaka kuacha, niende kwa nani?

Swali hilo aliwahi kulikabili mtu mmoja Marekani, na jibu lake ndilo lililozaa vikao hivi. Mei 1935 Bill Wilson, mtu wa soko la hisa kutoka New York, alikuwa mjini Akron, jimbo la Ohio, katika hoteli ya Mayflower. Alikuwa ameacha pombe miezi mitano hivi, na shughuli ya biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika. Upande mmoja wa ukumbi wa hoteli kulikuwa na baa yenye watu na vicheko, upande wa pili simu na orodha ya makanisa ya mji. Alikwenda kwenye simu. Hakuomba mahubiri wala daktari; aliwauliza wachungaji kama wanamjua mlevi yeyote anayeweza kuzungumza naye. Simu moja ilimfikisha kwa mama aliyeitwa Henrietta Seiberling, naye akamkutanisha na daktari wa upasuaji, Robert Smith, ambaye pombe ilikuwa inammaliza. Daktari alikuja akiwa amepania kutoa dakika 15 tu. Walikaa kwa saa nyingi. Juni 10, 1935 ndiyo siku ambayo chama walichokianzisha, Alcoholics Anonymous, huihesabu kuwa siku yake ya kuzaliwa, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kuwa siku daktari alipokunywa kwa mara ya mwisho.

Wilson hakutafuta mtu wa kumsaidia yeye. Alitafuta mtu ambaye yeye angemsaidia, akiamini kwamba akimsaidia mlevi mwenzake, yeye mwenyewe hatakunywa jioni ile. Kabla ya hapo, kwa miezi kadhaa, alikuwa amewahubiria walevi New York na hakuna aliyeacha. Lakini yeye mwenyewe alikuwa hajanywa. Kwa hiyo anayeingia kikaoni kwa mara ya kwanza, akinuka pombe na kuona haya, asidhani anawasumbua watu. Waliomo ndani wanamhitaji. Kila wanapomsimulia walikotoka, wanajikumbusha kwa nini hawarudi huko.

Kikao chenyewe ni kitu cha kawaida mno. Ni saa moja au saa moja na nusu, mara moja au zaidi kwa wiki, katika chumba cha kanisa, cha shule au cha hospitali. Hakuna kiingilio wala kitambulisho. Kofia au kikapu hupitishwa kwa ajili ya chai na kodi ya chumba, na asiye na kitu hupitisha tu. Sharti pekee la kujiunga ni nia ya kuacha pombe. Mtu hutaja jina lake la kwanza, akitaka. Asiyetaka kusema husikiliza. Asemaye hakatizwi wala hajibiwi kwa mawaidha. Vipo vikao vya wazi, ambavyo ndugu, mwanafunzi au muuguzi anaweza kuhudhuria, na vya ndani, vya wenye tatizo lenyewe tu. Baada ya muda mgeni huchagua mmoja wa wakongwe, anayeitwa sponsa, awe mtu wa kumpigia simu pale kiu inapombana. Hata aliyekunywa siku hiyo hafukuzwi kwa sababu hiyo tu, mradi asivuruge kikao.

Je, vinasaidia? Kwa miaka mingi wataalamu walivitilia shaka, wakisema hadithi za waliopona si ushahidi. Mwaka 2020 shirika la Cochrane, linalopima ushahidi wa tiba, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Ulionyesha kwamba tiba inayomwandaa mtu kuingia katika Alcoholics Anonymous, na kumfuatilia mpaka aingie, inashinda tiba nyingine za kitaalamu katika kumfanya aache kabisa, na katika vipimo vingine haiko nyuma ya hizo. Hapa pana funzo la kushika. Kilichopimwa si kumpa mtu karatasi yenye anwani. Kilichopimwa ni kumshika mkono mpaka kwenye kiti.

Tunao pia ushahidi wa hapa kwetu. Eldoret, miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wanaohudumiwa na mpango wa AMPATH, watafiti walijaribu vikundi vya kupunguza pombe vilivyoendeshwa kwa Kiswahili na watu wasio madaktari, waliofundishwa kazi hiyo. Vikao vilikuwa sita, kimoja kila wiki. Matokeo ya jaribio hilo, lililokuwa na washiriki 614, yalichapishwa mwaka 2021: waliokaa katika vikundi hivyo walikunywa kwa siku chache kuliko wenzao waliopewa elimu ya kawaida ya afya. Vikundi hivi si Alcoholics Anonymous. Mbinu yake ni ya saikolojia. Lakini vinakanusha jambo ambalo wengi huliamini, kwamba Mswahili wa kawaida hawezi kukaa na watu asiowajua akasema ya moyoni mwake. Anaweza, akisemeshwa kwa lugha yake na watu wa hali yake.

Kabla hatujafika kwenye anwani, kuna onyo ambalo halipaswi kuachwa. Anayekunywa sana kila siku, anayeamka akitetemeka na kutulia tu baada ya kuzimua, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe kwa miaka huchachamaa unapoikosa. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi ya watu huchanganyikiwa kabisa: jasho linawatoka, moyo unakwenda mbio, wanaona wadudu ukutani na kusemeshwa na watu wasiokuwepo. Hali hiyo huua isipotibiwa, na inatibika hospitalini kwa dawa zinazojulikana, pamoja na vitamini ya thiamini.

Balaa letu ni mambo mawili. La kwanza, watu wengi huchagua kuacha siku yenye uzito wa imani: Jumatano ya Majivu, usiku wa kwanza wa Ramadhani, mkesha wa Mwaka Mpya. Nia ni njema na siku ni njema, lakini zahanati huwa haijaambiwa. La pili, mtu anapoanza kuona vitu siku ya tatu, ndugu husema amerogwa au amepandwa na majini, wakampeleka kuombewa ilhali anahitaji dripu. Akifa, hadithi inayobaki mtaani ni kwamba pombe ukishaizoea usiiache, itakuua. Hadithi hiyo huwarudisha wengine kilabuni. Aombewe, hakuna ubaya, lakini aombewe akiwa wodini. Kikao ni cha kumfanya aliyekwisha kuacha abaki ameacha. Hakiwezi kuzuia degedege.

Asiye na hakika kama tatizo lake limefika huko ana kipimo cha kujiuliza. Shirika la Afya Duniani lilitunga maswali kumi yanayojulikana kama AUDIT, na Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi sita ambako yalijaribiwa yalipokuwa yakitungwa. Alama ya juu kabisa ni 40. Kuanzia 8 unywaji wako umeanza kuwa wa hatari. Kuanzia 20 muone mganga wa hospitali. Toleo la Kiswahili limepimwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, ambako pia kuna mpango wa kuzungumza na majeruhi wanaofikishwa hapo, uitwao Punguza Pombe kwa Afya Yako. Mazungumzo hayo hufanyika mgonjwa akiwa bado ana bandeji, wakati ambapo madhara ya pombe hayahitaji mhubiri wa kuyaeleza.

Sasa, vikao viko wapi? Kenya ndiko viliko vingi zaidi katika ukanda huu, hasa Nairobi na miji ya jirani, na Alcoholics Anonymous wanayo orodha yake. Mamlaka ya kupambana na ulevi, NACADA, ina simu ya bure, 1192, ambako mtu anaweza kuuliza ushauri na kituo kilicho karibu. Hospitali ya Mathari ya Nairobi, Mirembe ya Dodoma na Butabika ya Kampala hupokea wagonjwa wa ulevi, na mtu akimuuliza mshauri nasaha wa hapo kuhusu vikundi vya waliotoka wodini, mara nyingi hupata jibu lisiloandikwa popote. Vituo binafsi vya tiba navyo huwa na vikao jioni. Ada ya kulala humo familia nyingi haziimudu, lakini ni vema kuuliza kama kikao cha jioni kiko wazi kwa watu wa nje.

Pwani na Visiwani njia nyingine ipo karibu zaidi, na wanywaji wengi hawaijui. Heroini ilipoenea katika miji ya pwani, vijana walioiacha walianzisha nyumba za upataji nafuu, kwanza Zanzibar kisha bara, na humo wakaleta vikao vya Narcotics Anonymous, chama kilichozaliwa California mwaka 1953 kwa kufuata hatua 12 za kupona za Alcoholics Anonymous. Narcotics Anonymous huihesabu pombe kuwa dawa ya kulevya kama nyingine. Kwa hiyo mnywaji wa gongo wa Tanga au wa mnazi wa Kilifi anaweza kukaa katika kikao hicho bila kuwa amewahi kugusa unga. Wengi huona haya, wakisema mimi ni mtu wa bia, siwezi kukaa na mateja. Nawaomba waiache haya hiyo mlangoni. Teja aliyekaa miaka mitano bila unga anayajua mapambano ya saa kumi na moja alfajiri kuliko rafiki yeyote wa baa.

Aliye mbali na mji ana intaneti. Tangu janga la korona la 2020 vikao vya mtandaoni vimekuwa vingi mno, saa zote za siku, na vimewafaa pia Waswahili walioko Uarabuni na Ulaya, wanaotaka kukaa kikaoni bila kuonekana na wa nyumbani. Anayetafuta azingatie saa. Kikao cha saa moja jioni cha London ni saa tatu usiku kwetu wakati wa kiangazi cha huko, na saa nne wakati wa baridi. Kile cha adhuhuri cha New York hutufikia saa moja au saa mbili usiku, kabla watoto hawajalala na bando halijaisha. Kasoro ni kwamba karibu vyote ni vya Kiingereza. Mtu anaweza kukifahamu Kiingereza cha ofisini na bado ashindwe kukitumia kusema alivyomwibia mama yake fedha za dawa.

Kizuizi kinachowarudisha wengi ni hofu ya kuonekana. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamruhusu mwajiri kumfukuza papo hapo mfanyakazi ambaye ulevi umemfanya ashindwe kazi wakati wa kazi. Sheria hiyo haimgusi anayekwenda kikaoni, lakini dereva au mwalimu hufikiri kwamba kuonekana pale ni kukiri. Ndiyo maana jina la ukoo halitajwi na yanayosemwa hayatoki nje. Hapa naona mgongano mkubwa na desturi yetu ya ushuhuda. Kanisani aliyeacha pombe husimamishwa wiki ya pili mbele ya umati, kamera ikiwaka, na video husambazwa. Akianguka mwezi wa tatu, ameanguka mbele ya kijiji kizima, na hana tena uso wa kurudi. Watumishi wa Mungu, wacheni watu hawa wapone kwanza. Ushuhuda wa mwaka wa kumi hautapungua utukufu.

Kwa Mwislamu mzigo ni mara mbili, kwa kuwa anachokificha si aibu tu, ni haramu. Msikiti ungeweza kuwa mahali pake pa kwanza pa msaada, lakini ndipo anapoogopa zaidi kujulikana. Baltimore, Marekani, Waislamu walianzisha mwaka 1989 Millati Islami, inayofuata hatua 12 kwa msingi wa Uislamu. Sioni sababu Mombasa au Unguja wasiwe na chumba cha aina hiyo, chini ya imamu anayejua kunyamaza. Tena wasioamini, au wasiopenda lugha ya imani iliyomo katika hatua 12, wana vikundi vya SMART Recovery, vilivyoanza mwaka 1994 na vinavyotumia mbinu za saikolojia; kwetu hivyo hupatikana zaidi mtandaoni.

Wanawake wana hali yao. Mlevi wa kiume husikitikiwa, wa kike hutukanwa, na akiingia chumba chenye wanaume kumi ataulizwa kwa macho watoto amewaacha wapi. Isitoshe, wanawake ndio wapikaji wakuu wa chang'aa, gongo, busaa na mbege. Mama anayesomesha watoto kwa pipa la pombe lililoko uani hawezi kuambiwa akae mbali na kilevi, kwa kuwa kilevi ndicho unga wa kesho. Kikundi kitakachomfaa lazima kiwe cha wanawake, kikutane mchana, na kiwe tayari kuzungumzia mtaji wa kuuza kitu kingine. Ni hapa ninapoona uzoefu wetu unaweza kuongeza kitu ambacho Akron haikuwa nacho. Sisi ni watu wa vyama: VICOBA, upatu, jumuiya ndogo ndogo. Kukaa mduara kila wiki, kutunza siri ya daftari na kumfuata nyumbani asiyefika hatuhitaji kufundishwa.

Mke, mume au mzazi naye asisahauliwe. Al-Anon, vikundi vya jamaa za walevi, vilianza rasmi mwaka 1951, na mkewe Bill Wilson, Lois, alikuwa mmoja wa waanzilishi. Humo mtu hujifunza kuacha kumlipia mlevi madeni, kuacha kumsingizia ugonjwa kazini, na pia kuacha kumtilia dawa kwenye chakula kwa siri. Hilo la mwisho ni la hatari: baadhi ya dawa za kuzuia pombe, kama disulfiramu, zinaweza kumdhuru vibaya anayekunywa bila kujua amezimeza.

Kuhusu kukipima kikundi, nina neno fupi. Kikundi kinachodai fedha nyingi mlangoni, kinachoahidi uponyaji kwa siku kadhaa, kinachowafunga watu minyororo, kinachokataza dawa za hospitali au kinachorekodi siri za watu, toka. Kikundi kisichokugusa moyo siku ya kwanza, rudi. Vikao havifanani, na aliyechoshwa na cha Jumatatu anaweza kufaidika na cha Alhamisi. Kilicho karibu, unachoweza kukifikia kwa nauli yako kila wiki, ni bora kuliko kizuri kilicho ng'ambo ya mji.

Na pasipokuwa na kikundi kabisa, kwa kanuni za Alcoholics Anonymous zenyewe, walevi wawili au watatu wakikutana kwa ajili ya kuacha pombe, hao tayari ni kikundi. Hawahitaji cheti wala mfadhili. Wanahitaji chumba na saa moja.

Chumba hicho kiko kwenye mikono ya watu wanaosoma maneno haya. Mwalimu mkuu ana darasa linalofungwa saa kumi jioni. Paroko ana ukumbi usiotumika Jumanne. Mganga mfawidhi ana benchi za kliniki zisizo na mtu baada ya saa tisa. Toeni ufunguo, bandikeni siku na saa kwenye mlango wa zahanati, na muuguzi ajue jina moja la mtu wa kumpigia simu mgonjwa anaposema leo nataka kuacha. Nawe uliyeacha zamani na sasa unapita mbali na kilabu ukishukuru kimyakimya, rudi ukae humo ndani wiki hii, maana anayekuja atataka kumwona mtu mmoja tu aliyewahi kuwa kama yeye.